Kitenzi cha Mjomba

"Get down!" seremala alikifokea kigoda.

Kigoda hakikutii.

"Sauti itoke tumboni," alielekeza mjomba. "Na usitabasamu. Mbwa akikuona unatabasamu, anajua huna msimamo."

Mjomba alikuwa kaka yake mke wa seremala, na ndiye pekee katika nyumba ile aliyejua Kiingereza. Alikipata kwenye mapokezi ya hoteli, alikofanya kazi mpaka hoteli ikafilisika, na tangu hapo alikitunza kama suti ya harusi: hakitoki ila kwa shughuli maalumu.

Shughuli yenyewe ilikuwa ujumbe wa simu. Binti wa seremala, muuguzi aliyekuwa ng'ambo miaka mingi, aliandika kwamba anarudi nyumbani, na haji peke yake. Aliandika kwa Kiingereza. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni: jambo likiwa gumu kinywani, alilisema kwa Kiingereza cha shule. Walipompigia alijibu harakaharaka, "Tutaongea nikifika," akakata.

Basi mjomba alivaa miwani.

"Tatizo ni hili neno 'get'," alisema. "Limejaa humu kama sisimizi kwenye sukari. 'Get' ni kupata. Pia ni kununua. Pia ni kufika, kuelewa, kuamka, kuugua. Waingereza waliishiwa vitenzi, wakakitwisha hiki kimoja mizigo yote."

"Soma tu, shemeji," alisema seremala.

"Anasema alimnunua hukohuko. Ni dume."

"Kwa nini isiwe alimpata?" aliuliza mke wa seremala. "Labda kapata mchumba."

"Subiri, dada, usikimbilie harusi. Hapa anasema tafadhali, kusiwe na 'get mad'. Hiyo ni kupata hasira, au kupata kichaa. Sasa mchumba gani watu wanaonywa asipate kichaa?"

"Kichaa cha mbwa," alinong'ona seremala, akashika kalio la kushoto. Enzi za ujana wake, akipeleka kitanda kwa mteja, mbwa alimng'ata hapo. Alama ipo mpaka leo, ingawa waliowahi kuiona ni mkewe na daktari tu.

"Haelewi Kiswahili," mjomba aliendelea kusoma. "Usiku analia akilazwa peke yake. Na mwisho anasema mtamzoea."

"Mtamzoea nyinyi," alisema mke wa seremala. "Mimi na mbwa nyumba moja? Nahamia kwa dada yangu."

"Hakuna anayehama," alisema seremala.

Mkewe alijua sababu. Mara ya mwisho binti alipozungumzia kuja likizo, seremala ndiye aliyefoka kwenye simu: "Ukirudi, rudi na mume! La sivyo, baki hukohuko!" Binti akabaki hukohuko. Seremala hakuomba radhi. Alichofanya ni kumchongea kitanda kipya, akakiweka katika chumba chake cha zamani, na kila Jumamosi alikipangusa vumbi mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

"Mwacheni aje," alisema sasa, akiwapa mgongo. "Akija na mbwa, na aje na mbwa. Akija na chatu, nitatengeneza kabati la chatu."

Akaanza kibanda cha mbwa siku hiyohiyo. Alitumia mbao alizokuwa amewawekea wateja wakubwa. Akaweka paa, bawaba za shaba na dirisha dogo lenye pazia. Mkewe alikizunguka kile kibanda, mikono kiunoni, akasema wao walipooana hawakupata dirisha kama lile, na wala hawakumng'ata mtu.

Jioni zikawa za masomo.

"Kitenzi ni kilekile," mjomba alirudia, "mkia tu ndio unabadilika. 'Get up', ainuke. 'Get out', atoke. Akikurukia, 'get down', alale chini. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayookoa makalio yako, shemeji, kwa hiyo irudie."

Seremala akairudia mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa.

Siku ikafika. Teksi ilisimama langoni. Mjomba alikuwa tayari amepanda juu ya kiti, ili aone vizuri, alisema. Mke wa seremala alijibanza nyuma ya mlango, pua tu ikiwa nje. Seremala alisimama katikati ya ua na mnyororo mpya mkononi.

Akamwona binti yake kupitia kioo cha nyuma. Amekonda. Amesuka nywele kama mama yake. Kila neno alilopanga kumwambia likayeyuka, la Kiswahili na la Kiingereza.

Kando ya binti kitu kikafurukuta. Kichwa chenye nywele timtim kikainuka dirishani, kikatoa mlio mkali, kikazama tena.

"Sasa, shemeji!" mjomba alipiga kelele kutoka kitini. "Sasa hivi!"

"Get down!" aliunguruma seremala, na safari hii ilitoka tumboni hasa.

"Baba, subiri basi!" binti aliitika kutoka ndani, akihangaika na kitu kitini. "Nimfungue mkanda kwanza. Hawezi kushuka peke yake."

Mlango ukafunguka. Kikatangulia kiatu chekundu, halafu cha pili, cha kulia kimevaliwa mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Halafu mvulana wa kimo cha goti, kidole mdomoni, mwenye pua ya seremala, ileile, haikupunguzwa hata kidogo.