Zisiguswe Hadi Jumamosi

Jumatatu asubuhi, mbele ya wateja watatu, Bwana Lalji alipanda ngazi, akaliweka bati la biskuti kwenye rafu ya juu kabisa ya duka lake, akaandika ubavuni kwa chaki: ZISIGUSWE HADI JUMAMOSI.

Kassimu, fundi wa cherehani aliyeshona kwenye baraza ya duka hilo kwa miaka kumi na minne, aliinua macho. Zilikuwa biskuti za siagi kutoka Ulaya. Kasongo nzima ilizijua, maana mlaji wake alikuwa mmoja tu: Gavana wa Bukavu, alipotokea ghafla mwaka juzi kwa barabara ya Kabambare. Na Jumamosi ilikuwa siku ya harusi ya Nurbanu, binti mkubwa wa Bwana Lalji. Basi angalau, Kassimu alijisemea, mkono wa birika umefunguka. Wageni wataonja biskuti.

Kwa maana mengine yote yalikuwa aibu tupu. Wageni mia tatu walialikwa kwa kadi moja: Sumaili, mchukuzi wa duka, aliipeleka nyumba kwa nyumba, akangoja isomwe, akaichukua tena. Sahani zingekuwa majani ya migomba. Manjano ya bibi harusi yalitwangwa uani ili yasinunuliwe. Zarina, binti mdogo, alitunga mashada ya maua kwa nyuzi zilizofumuliwa kwenye magunia ya sukari. Kassimu mwenyewe alipewa majora sita ya marekani ashone hema la karamu bila kukata hata inchi moja, kwa kuwa baada ya harusi kitambaa kingerudi rafuni.

"Bwana, hema bila kukata?"

"Kunja, funga, shona mishono ya mbali mbali. Mukasi iko mambo ya matajiri."

"Na wewe uko nani basi?" aliuliza mkewe kutoka dirishani.

"Mimi niko baba ya mabinti wawili."

Mama Nurbanu hakucheka. Mkononi alishika barua ya baba wa bwana harusi, mfanyabiashara mkubwa wa Kabambare. Barua haikuzunguka mbuyu: mwanawe wa kwanza alipooa kule Uvira, alipokewa kwa fanfari ya tarumbeta na matao barabarani. Huyu wa pili akipokewa pungufu ya hapo, gari litageuzwa penye nyumba ya kwanza ya Kasongo. Tangu siku ile barua ilipofika, Nurbanu alikuwa akirudisha sahani yake jikoni kama ilivyokwenda.

"Fanfari ya misheni inataka ng'ombe muzima," alisema mama. "Utatoa?"

"Sitoi hata mukia."

"Mutoto atarudishiwa gari mulangoni, Baba Nurbanu! Watu watamuimba mupaka vijiji vya Wamaza!"

"Tungojee," alisema Bwana Lalji, akaendelea kupangusa vumbi mezani.

Mchana alikuja Hippolyte, mpishi wa Administrata, Mzungu mtawala wa wilaya, kununua chumvi. Macho yake yalipanda rafuni, yakanasa huko.

"Bwana Lalji, niuzie moja tu nionje."

"Soma."

"Nimesoma. Iko ya nani?"

"Soma tu, Hippolyte."

Hippolyte alisoma mara ya pili, midomo ikitembea, kisha akatoka mbio na kuiacha chumvi yake mezani. Kassimu alicheka hadi uzi ukamponyoka. Ulafi, alisema, humsahaulisha mtu hata mchuzi wa tajiri wake.

Jumatano mji ulipinduka. Mpiga mbiu alipita kila mtaa: Gavana anakuja Jumamosi! Watu wakaitwa kulima majani ya barabarani. Mawe yakapakwa chokaa. Matao ya makuti ya michikichi yakasimama, moja baada ya lingine. Fanfari ya misheni ilijizoeza tangu alfajiri, hata kuku wakasitasita kutaga. Kuuliza Bukavu, Administrata hakuthubutu. Mwenzake aliyemtangulia alikutwa na Gavana akiwa bado katika nguo zake za kulalia, na juma lile lile akahamishiwa porini.

Kassimu alimwendea tajiri wake kwa uchungu.

"Bwana, ahirisha harusi. Siku moja na Gavana! Nani atatutazama sisi?"

"Kadi imekwisha kuzunguka," alijibu Bwana Lalji. "Sina ya pili."

Jumamosi, saa tisa mchana, vumbi liliinuka upande wa Kabambare. Administrata alikaza upanga kwenye sare yake nyeupe. Gari lilitokeza chini ya tao la kwanza likiwa limefunikwa maua, na mkuu wa fanfari, aliyekuwa akingoja siku tatu kuushusha mkono wake, aliushusha. Tarumbeta zikalia. Watoto wa shule wakapunga vibendera. Baba wa bwana harusi alisimama garini, mkono kifuani, machozi yakimtiririka.

"Uvira hawakufanya hivi!" alipaza sauti. "Uvira hawakuleta hata watoto wa shule!"

Nyuma ya pazia, Nurbanu aliomba wali.

Administrata alibaki akiikazia macho barabara hadi jua likatua. Kisha njaa ikamshinda, akaingia hemani, akala pilau kwenye jani la mgomba. Alipouliza habari ya Gavana ilitoka kwa nani, kila mtu alimwonyesha jirani yake. Na kabla karamu haijaisha, Zarina naye aliposwa, na watu wa Bukavu, ambao kwa majivuno huwashinda wa Kabambare mara mbili.

Jumatatu Kassimu alifumua hema na kuyarudisha majora rafuni. Juu ya ngazi alikumbuka kwamba hakuna mgeni aliyeonja biskuti. Akalishika bati. Lilikuwa jepesi kama unyoya. Akalifunua: ndani mlikuwa na chembe chache tu, kavu, za tangu mwaka juzi.

"Lete hapa," alisema Bwana Lalji.

Alilifuta neno JUMAMOSI kwa kidole chenye mate, akamtazama Zarina aliyekuwa akikunja nyuzi za magunia, akachonga chaki yake.

"Kassimu," aliuliza taratibu, "Mufalme wa Ubelgiji, yeye anapenda chai gani?"