Nati za Kona ya Mtoni

Nati zilikuwa zimefunguliwa tena pale kwenye kona ya mtoni. Jana jioni mkagua reli alirudi nyumbani mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

"Kuna mtu anataka treni ianguke," alimwambia mkewe. "Mama watoto, kama si mimi, leo tungekuwa tunazika."

Mkewe aliguna tu, akampa sabuni.

Reli hiyo haikuwa ya serikali. Kiwanda cha unga kiliijenga chenyewe, enzi za babu zao, ili kuvuta ngano kutoka stesheni kuu. Zamani ilikuwa na kundi zima la wakaguzi. Wakapunguzwa mmoja mmoja mpaka akabaki yeye peke yake, na yeye naye akaambiwa ajiandae kwenda nyumbani, maana reli haina matatizo. Ndipo nati zilipoanza kufunguliwa. Sasa meneja hataki hata kusikia habari ya kumwondoa, na dereva wa treni kila akimwona humpigia honi ya heshima.

Mkewe alipaswa kufurahi. Badala yake usingizi ulikuwa umempaa, na sababu ilikuwa mwanawe.

Kijana wao, jibaba la miraba minne ambalo watu walilibandika jina la Kifua, alikuwa mpakuaji wa magunia kiwandani mpaka alipokorofishana na msimamizi, akafukuzwa. Siku ile alirudi amefura. "Hilo litreni lao," alisema, "ipo siku litalala chali." Na juzi, akimtandikia kitanda, mama alikuta spana chini ya godoro.

Hakumwambia mumewe. Angeanzia wapi? Akisema, mwanawe anakwenda jela. Akinyamaza, kuna mtu atakufa. Alirudisha godoro kama lilivyokuwa, akakaa juu yake, akalia kimyakimya.

Leo mchana, mkagua reli alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya kula. Saa yake ya ukaguzi ilikuwa bado. Treni hupita jioni. Mara Kifua akaingia mbio kutoka upande wa kiwandani, akapitiliza hadi chumbani, akatoka na kitu amekificha ndani ya shati. Hata salamu hakutoa.

Mama aliacha sufuria motoni, akamfuata. Alikimbia kandokando ya reli, kandambili moja ikakatika, akaiacha hukohuko.

Alimkuta kwenye kona, amepiga magoti juu ya kokoto, spana mkononi, jasho linamchuruzika. Na hapo, kwa mbali, honi ikalia. Haikuwa saa ya treni.

Alimrukia, akamvuta ukosi wa shati. "Mwanangu, utaua watu! Yule dereva ana watoto wanamngoja nyumbani! Amekukosea nini?"

Kifua hakugeuka. Aliikaza spana kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka. Reli ilikuwa imeanza kutetemeka chini ya mikono yake.

"Nafunga, mama," alisema huku akihema. "Baba alizifungua asubuhi, nilimwona. Hajui kwamba leo treni imewahi."