Makosa Sifuri

Mstari wa buluu kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa umefika asilimia sitini, na Shuaibu Mtoro hakutaka hata kupepesa jicho. Kusoma kulimpiga chenga, lakini fundi alishamwambia: likitokea kosa, litatokea kwa rangi nyekundu.

Chumba cha mafaili kilikuwa finyu. Watu wanne, dirisha moja lisilofunguka, feni imezimwa ili umeme usiyumbe. Mlango alikuwa ameufunga Shuaibu mwenyewe, akaegemeza kiti chake hapo. Hatoki mtu.

Arubaini ya mkewe, Mwanahija, ilikuwa imepita juzi. Kadi aliyopewa hapo kwenye kituo cha afya ilisema aende hospitali ya Dar tarehe 21 akapasuliwe. Akafa tarehe 17. Ndipo faili lilipofunguliwa, ikaonekana daktari aliandika kwa mkono wake tarehe 12. Hiyo 21 ilitoka kwenye kompyuta.

"Ramu ya mashine ni mbovu, mzee wangu," Dokta Hafidha, mganga mfawidhi, alimwambia siku ile. "Ile sehemu inayoshika mambo kompyuta ikiwa kazini. Ikiharibika, namba zinavurugika."

Shuaibu hakulimeza hilo. Wakubwa hawakosi cha kusingizia. Dawa zikiisha, gari limechelewa. Mtu akifa, mashine. Aliandikiwa barua ya malalamiko, akatoka nayo Fukayosi hadi ofisi ya wilaya mjini Bagamoyo mara tano, mpaka wakamleta fundi wao, Abdulazizi. Kabla ya kipimo kuanza, akatia dole gumba kwenye fomu: mashine ikionekana nzima, aliyeingiza tarehe ile afikishwe polisi.

"Baba, tuache," binti yake Zuhura alinong'ona. Mwaka wa pili sasa alikuwa akijitolea hapo kituoni, akisubiri ajira. "Mama harudi. Kubali mashine mbovu, twende nyumbani."

"Wamekutisha na hiyo ajira yao, eti?"

Zuhura akatazama sakafu.

"Mkubwa wako anakutumia wewe kuniziba mdomo. Kaa chini, mwanangu."

Abdulazizi alikuwa ameshachomoa vipande viwili vya ramu, akavisugua kwa ufutio wa penseli, akavipima kimoja kimoja. Sasa alikuwa akivipima vyote pamoja. Mzunguko wa pili wa kipimo ukaisha bila nyekundu. Wa tatu vilevile. Jasho liliwatiririka wote, na nje watu walishaanza kujazana kwenye varanda kusikiliza.

"Kipimo nacho kinaweza kukosea," Dokta Hafidha alisema. "Ramu inaharibu leo, kesho inatulia."

"Huu mzunguko wa nne mfululizo, dokta, na joto lote hili?" Abdulazizi akatikisa kichwa. "Kipimo hiki mimi nakiamini."

"Na mimi nakiamini," Shuaibu akadakia. "Tazama maajabu. Leo mkulima wa mihogo anakubali vipimo, msomi anavikataa."

Mstari ukafika mwisho. Makosa: sifuri.

Shuaibu akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu msibani. "Haya. Mashine imetoka. Amebaki mtu."

Dokta Hafidha akainuka, akasimama mbele ya kioo cha kompyuta. "Inatosha. Kituo kimekosea, na kituo ni changu. Nitabeba mimi."

"Utabeba kwa maneno, halafu utahamishwa Tanga, yaishe. Nataka jina."

"Mzee Shuaibu, nakuomba."

"Mke wangu naye aliomba. Sogea."

Hakusogea. Shuaibu akamgeukia fundi. "Hiyo kompyuta inamjua aliyeandika?"

"Inamjua, mzee. Kila anayeingiza kitu huingia kwa jina lake."

"Basi soma. Soma kwa nguvu, wa nje nao wasikie."

Abdulazizi akainama pembeni ya daktari, akabonyeza mara mbili, akasogeza uso karibu. Alianza kusoma haraka, akamaliza polepole.

"Tarehe ya rufaa, ishirini na moja. Imeingizwa na Zuhura… Shuaibu… Mtoro."