Kinyaa

Zamoyoni alikuwa amesomea uuguzi katika chuo cha kati. Alipopata nafasi ya kusomea ufamasia chuo kikuu, alipeleka masomo yake ya zamani yatambuliwe. Sheria ilikuwa moja: somo lililokubaliwa ulihama nalo, na lililokataliwa lilifutwa kichwani kabla hujavuka geti.

"Kemia na hesabu tumezipokea," alisema ofisa wa udahili huku akimvisha kofia ya nyaya. "Utunzaji wa vidonda haufiki kiwango chetu, dada. Hapa tunataka kichwa kisafi."

Hakusikia maumivu yoyote. Alirudi nyumbani na furaha yake, akamkuta mama yake, Bi Sikudhani, amenyoosha mguu wenye kidonda cha kisukari, beseni la maji ya chumvi likiwa tayari. Kila jioni Zamoyoni ndiye aliyekiosha.

Alifungua bandeji. Uvundo ukampiga usoni. Usaha wa kijani ulikuwa umegandia kitambaa, na nyama iliyolegea ikavutika nacho. Akakimbilia uani, akatapika.

"Mwanangu, ni mimi," mama aliita.

Alirudi, akajaribu tena huku ameziba pua kwa kanga. Mikono haikujua pa kuanzia. Kilichomtisha ni kwamba kinyaa hakikuishia kwenye kidonda. Kilipanda na mguu, kikafika hadi kwenye uso wa mama yake.

Bi Sikudhani aliliona hilo. Alijifunga bandeji mwenyewe, ovyo ovyo, akaufunika mguu, kisha akamwambia kwa upole, kama anayezungumza na mgeni, "Karibu chakula."