Taisto wa Mwanga

Jumatatu saa mbili asubuhi, Taisto Hyvärinen alikuwa mahali pawili. Kwenye maabara ya mwanga mjini Joensuu alikuwa ameketi mezani, amekunja uso, kikombe mkononi. Nyumbani, kilomita tisa kutoka hapo, alikuwa amepiga magoti akimvisha mkewe soksi.

Irja alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Taisto aliomba ruhusa ya miezi mitatu, ile mitatu tu iliyobaki kabla hajastaafu. Mkurugenzi, Kyllikki Pesonen, hakuinua hata macho.

“Siwezi, Taisto. Taratibu haziniruhusu. Uwe mezani kwako kila siku, watu wakuone.”

“Hata kama sina kazi ya kufanya?”

“Hata kama unasinzia.”

Basi akajitengeneza. Miaka thelathini na minne hakuwa amefanya jambo jingine ila kuunda hologramu, picha za mwanga zenye umbo kamili, kwa hesabu. Kamera hakuihitaji. Alijipima mwili, akaipa kompyuta vipimo, nayo ikakokotoa jinsi mwanga ungeruka kutoka kila sehemu yake, upara, miwani na kitambi, hadi kulifikia jicho la mtazamaji. Ilikokotoa siku nne. Kisha mashine ikaichonga hesabu hiyo kwenye kioo kipana, kwa mistari myembamba kuliko unywele. Akakisimamisha kioo mbele ya meza. Kikimulikwa, nyuma yake anatokea Taisto mzima kitini. Unaweza hata kumchungulia ubavuni.

Hatikisiki, lakini hata Taisto wa nyama na mifupa hakujulikana kwa kutikisika. Taa ilijiwasha saa mbili asubuhi, ikajizima saa kumi.

“Na hakuna aliyegundua?” Irja aliuliza wiki ya tatu.

“Wanapita mlangoni, wananisalimia, siwajibu. Kama kawaida. Jana mmoja kaniandikia barua pepe, eti siku hizi nimekuwa msikivu.”

“Ungemtengeneza tangu tulipooana. Yeye angebaki hapa, wewe ukaenda zako.”

Taisto alicheka, ila usingizi ulimpaa. Akikamatwa, angefukuzwa kama mhuni, wiki chache kabla ya kuagwa kwa keki. Kila simu ilipolia, alidhani ni mkurugenzi.

Wiki ya kumi Irja alitembea mwenyewe hadi kwenye sauna, kile chumba cha mvuke, bila magongo.

“Nimepona, mzee. Rudi kazini, umenichosha na uji wako.”

“Yule wa kule anafanya kazi vizuri tu.”

“Basi mwache apumzike.”

Kesho yake Taisto aliingia kwa mlango wa nyuma, akaichomoa ile taa, akaketi kitini nyuma ya kile kioo. Akakunja uso. Akashika kikombe. Alijisikia kama mwizi aliyekuja kurudisha mali.

Saa nne akasikia nyayo. Mkurugenzi aliingia na wageni sita. Taisto alitaka kusimama, lakini maneno ya Kyllikki yakamgandisha palepale.

“Na hii ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka kwenye maabara hii,” alikuwa akisema. “Nimeshaionyesha kwa vikundi kumi na viwili. Mwenyewe yuko nyumbani anamuuguza mkewe. Tafadhali, asiambiwe. Akijua kwamba tunajua, ataona haya na kurudi kazini kabla mkewe hajapona. Haya, sogeeni. Ingizeni mikono, msiogope, inapita.”

Mama mmoja mnene akazunguka kioo, akakunja mkono wa koti, akanyoosha kidole. Kikazama kwenye tundu la pua ya Taisto hadi pingili ya kwanza. Akakizungusha kidogo, akakitoa, akakitazama.

“Hongereni sana,” akamwambia mkurugenzi. “Hata makamasi mmeyakokotoa?”