Kivuli cha Kindi

Alikuwepo Kindi mmoja, na ukubwa alijipa mwenyewe. Kero yake ilikuwa chiriku wa kichaka cha miiba, waliopiga domo kutwa, hata yeye akipita.

"Hawana adabu wale," alimlalamikia mkewe. "Mkubwa akipita, wadogo hunyamaza."

Adhuhuri moja alikuwa akikatiza uwanjani, kichaka kizima kikawa kimya ghafla. Kindi akatazama chini. Kivuli chake, ambacho saa hizo huwa kama kiganja, kilikuwa kimetanda majanini kama mkeka.

"Leo wameniona," akajisemea. Akapunguza mwendo, akainua mkia.

"Endeleeni tu kuzungumza, wajukuu zangu," akasema kwa upole. "Msinionee haya."

Chiriku mmoja akanong'ona kutoka miibani: "Babu, tazama juu!"

"Mkubwa hatazami juu, mjukuu wangu. Hutazamwa."

Hapo hapo kucha za mwewe zikamnyakua. Akiwa hewani, Kindi alikiona kivuli kile kule chini, kikubwa vilevile, kina mabawa. Na kichakani aliwasikia chiriku wakiendelea na maneno yao pale walipoyaachia.