Dawa Iliyokwenda Kasaji

Angèle aliisukuma droo ya kaunta kwa goti, taratibu, huku akimwambia kijana aliyesimama mbele yake kwamba dawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Paketi tatu za misoprostoli zilikuwa humo, chini ya gazeti. Ni dawa ya vidonda vya tumbo, lakini Kolwezi nzima ilijua kazi yake nyingine: kutoa mimba. Mwaka uliotangulia Fifi, binti wa jirani, aliinunua kwenye kaunta hiyo hiyo akisema ni ya shangazi yake. Angèle ndiye aliyeitwa kumshika mkono hadi damu ilipokoma, na pumzi pia. Tangu hapo aliapa: kijana hatoki na dawa ile dukani kwake.

Na huyu alikuwa kijana. Mchimbaji wa kobalti, vumbi hadi kwenye kope, jina la dawa kaliandika kiganjani. Alisema anaitwa Mechack.

"Tata yangu iko natapika damu kule Kasaji, mama," alisema. "Infirmier, muuguzi wa kule, njo alinipa hii jina."

Angèle alikwisha kusikia habari za akina baba na mashangazi wenye vidonda vya tumbo. Akampa omeprazoli, akamwambia hii nayo ni ya tumbo. Mechack aliipokea kwa mikono miwili, akapanda pikipiki, akashika njia ya magharibi.

Wiki mbili baadaye alimwona sokoni. Kichwa kimenyolewa chote, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa mkononi.  Angèle aliacha nyanya zake kwa muuzaji akarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu siku ile yule mzee, baba wa Mechack, ambaye hakuwahi kumwona, alihamia kwake. Kanisani, watu wakiinama kusali, alimsikia akikohoa benchi ya nyuma. Akigeuka, benchi tupu. Akifua nguo, maji yaliyochanganyika na udongo mwekundu kama damu yalimfanya amwage beseni na kukaa chini.  Misoprostoli aliitupa chooni, paketi zote tatu, lakini mzee hakuondoka.

Kisha tumbo lake mwenyewe likaanza kumuunguza. Daktari akamwandikia omeprazoli. Kila akiiweka mdomoni, aliitema. Akakonda hadi waumini wenzake wakaanza kunong'ona. Akimwona Mechack anapita barabarani, alijikunja nyuma ya kaunta kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

Miaka miwili ikaenda hivyo.

Jumamosi moja asubuhi alinyanyua macho akamkuta Mechack yuko ndani tayari. Safari hii alikuja na mke wake, Glodie, mwenye mtoto mgongoni. Walitaka dawa ya minyoo, basi. Mechack alimsalimia kwa heshima, hata akamuuliza habari za afya yake, maana alimwona amepungua.

Heshima ile ndiyo iliyomshinda Angèle. Alishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Tata yako, mi njo nilimuua," alisema. "Ile dawa ilikuwa. Nilikuficha."

 Mechack akaeleza polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba mvua ilikuwa imeharibu barabara, pikipiki ikazama matopeni, akafika Kasaji siku ya tatu.

"Nilikuta balishamuzika, mama," alisema. "Hakumeza hata kimoja."

Angèle aliketi. Alihisi kitu kikimwachia kifuani, kikaenda, na mahali pake pakabaki patupu hadi akaogopa. Ili tu aseme neno, akauliza omeprazoli ile iliishia wapi.

Glodie aliinamisha kichwa, akatabasamu kwa aibu.

"Alirudi nayo nyumbani, mi njo niliimeza yote, hata Mechack hakujua," alisema. "Kifua ilikuwa inaniunguza sana, nikaona ni dawa ya tumbo tu."

Akamtoa mtoto mgongoni, akamketisha juu ya kaunta mbele ya Angèle.

"Mimba ya huyu ilikuwa ya miezi ine."